Fundi wa Ubeti wa Tatu

Laiti umeme usingekatika siku ile, huenda fundi angekuwa bado anaupenda ule wimbo. Maana aliupenda, tusimsingizie. Ulikuwa unapigwa kila kona: kwa muuza chaja, kwa mama wa mitumba, kwa kinyozi jirani yake ambaye spika yake ilikuwa kubwa kuliko kibanda chenyewe. Fundi yeye alikuwa anaokota kiitikio tu. Mtu anayeshinda na grinda mkononi, cheche zinamrukia mpaka kwenye ndevu, atasikia nini zaidi? Kiitikio kinapenya, mengine yote yanamezwa na kelele za chuma. Basi alikuwa anakiimba mwenyewe huku anachomelea mageti ya watu, kwa sauti mbovu isiyo na aibu:

*Fungua, fungua, taa iko humo ndani,*
*Fungua, fungua, mama yuko gizani.*

Alidhani ni wimbo wa mapenzi uliokosa adabu kidogo.

Siku hiyo grinda ikazimika mkononi mwake, nondo imekatika nusu. Mtaa mzima ukanyamaza. Fundi seremala wa ng'ambo akatukana shirika la umeme, akatoka kuota jua. Kinyozi peke yake ndiye aliyekuwa na spika ya betri, na mteja wake alikuwa amebaki kichwa nusu kimenyolewa nusu msitu, anatukana naye kwa upande wake. Katika ukimya ule, kwa mara ya kwanza, fundi akasikia maneno ya wimbo. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito, inatamka kila neno kama anamwekea mtu mkononi.

*Kitanda cha jirani, Chapu ananiita,*
*Damu inatiririka, nesi wanapitapita.*
*"Mwambie fundi wangu, wewe ukitoka salama,*
*Mlango wa jikoni kwetu mpaka leo unakwama.*
*Mji mzima anautengenezea, kwake husema kesho,*
*Mwambie namdai mlango, ndiyo salamu ya mwisho."*

Fundi akakaa chini pale pale, juu ya mabaki ya chuma, bila kuangalia anakalia nini.

Chapu lilikuwa jina la chumbani. Mkewe alipika chapuchapu, alitembea chapuchapu, hata kugomba aligomba chapuchapu akamaliza, wakati fundi bado anatafuta jibu. Ndiyo akambandika jina hilo. Hakuna mwingine aliyelitumia, hata mama mkwe hakulijua. Na mlango wa jikoni, jamani, huo ulikuwa kesi ya nyumba nzima. Mtu anatengeneza mageti ya matajiri yanayofunguka kwa kidole kimoja, na mlango wa jikoni kwake unasugua sakafu mpaka umechora nusu duara. Chapu alimsema mpaka alipokwenda kujifungua, akaenda hakurudi.

Hospitali walimwambia ilikuwa presha. Alijifungua mtoto wa kike, mzima wa afya, na dakika hiyo hiyo presha ikampanda, akaenda ghafla. Hakuumia. Hakusema neno. Maneno hayo ndiyo yaliyomsimamisha fundi kwa miguu yake mwaka mzima. Mama mkwe, ambaye alihamia pale kumlea mjukuu, alikuwa akiyameza kila jioni kama dawa: "Angalau mwanangu hakuumia." Akishasema hivyo ndipo aliweza kula.

Sasa huyu mwimbaji amelitoa wapi jina la chumbani? Wivu hauna adabu, ulimpanda fundi kabla hata ya hofu. Alimfikiria mwanamume. Alimfikiria mganga fulani wa pale hospitali. Aliwaza mambo ya kijinga ambayo hatuna haja ya kuyarudia hapa, kisha akainuka, akaenda kwa kinyozi na magwanda yake ya kazi.

"Rudisha," akasema.

"Nini, fundi? Mteja wangu ana—"

"Rudisha huo ubeti."

Kinyozi akaurudisha. Fundi akasikiliza akiwa ameshika fremu ya mlango. Akaomba tena, kinyozi akarudisha tena. Yule mteja wa kichwa nusu akaacha kulalamika, maana sura ya fundi haikuwa sura ya mtu wa kulalamikiwa.

"Nani anaimba?"

"Kumbe humjui? Huyo ni Kokoto. Yule dada wa mistari ya haki, yule aliyeimba ya maji na ya shule. Kesho yuko mahakamani, maskini. Hospitali kuu wamemshtaki kwamba anaeneza uongo na kuwachafulia jina. Wanasema usiku huo anaouimba umeme haukukatika kwao, na huyo Chapu hayupo duniani wala kuzimu, katungwa ili wimbo uuzike. Asipopata mtu wa kusema anamjua Chapu, dada wa watu anakwenda jela."

Fundi hakusubiri ubeti unaofuata. Aliuliza anapatikana wapi, akaondoka bila kufunga karakana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aifungue.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Kuta zimebandikwa trei za mayai na mablanketi ya zamani, joto la kumtoa nyoka pangoni. Kijana mpiga biti alikuwa amevaa visikizio, anatikisa kichwa mbele ya kompyuta. Kokoto alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mwanamke mfupi, mwembamba, amefunga kitambaa kichwani, anakunywa chai kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Ukimwona huwezi kudhani sauti ile inatoka mle.

Fundi hakusalimia. "Mlango wa jikoni," akasema. "Nani kakwambia habari za mlango wangu?"

Kokoto akaweka kikombe chini polepole. Akamwangalia magwanda, akamwangalia mikono yenye makovu ya moto.

"Unakwama juu au chini?" akauliza.

"Chini. Unasugua sakafu."

"Umechora nini sakafuni?"

"Nusu duara."

Kokoto akafunika uso kwa viganja, akalia. Mpiga biti akavua visikizio, akatoka nje bila kuambiwa.

"Mwaka mzima nakutafuta, shemeji," Kokoto akasema alipoweza kusema. "Mwaka mzima. Usiku ule nilifika wodini taa zimeshazimika, hata sura hatukuonana. Jina lake la kweli sikulijua, wala mtaa. Alisema tu anaitwa Chapu, na kwamba mumewe ndiye anamwita hivyo, na mume ni fundi. Nikienda hospitali kuuliza, wananifukuza. Nikawaza, nitamwingiza kwenye wimbo, na mlango wake nitauingiza. Mji huu watu hawasomi matangazo, lakini wimbo ukivuma utamfuata mtu mpaka chooni. Niliujaza huo ubeti kwa ajili yako peke yako. Nikashangaa mbona huji."

"Nina grinda," fundi akasema. "Nasikia kiitikio tu."

Kisha akauliza lile alilokuja nalo moyoni. "Si alikwenda ghafla?"

Kokoto alimtazama kwa namna ambayo ilimjibu kabla ya mdomo.

"Nani kakudanganya hivyo, shemeji? Tulikuwa naye, nimemshika mkono, mpaka kunakaribia kupambazuka. Alikuwa anavuja damu, na hakuna aliyeweza kuona inatokea wapi. Nesi walishika simu mdomoni wamulike, betri zikaisha. Mtoto wako alizaliwa mapema, taa zikiwa bado zinawaka. Wangu alifuata gizani. Alitoka kimya, na hakuna aliyejua kwamba amekaa vibaya mpaka basi. Mimi nilirudi nyumbani mikono mitupu."

Fundi akampa pole.

"Na jenereta?" akauliza. Alijua lipo. Alilijua vizuri sana lile jenereta.

"Hilo ndilo litakaloniua," Kokoto akasema. "Jenereta lipo, limejaa mafuta, liko nyuma ya dirisha letu pale. Lakini walikuwa wamelifungia kwenye banda la nondo, eti mafuta yanaibiwa. Ufunguo ni mmoja, na anao mganga mkuu mfukoni, na mganga mkuu kaenda semina mji mwingine. Nesi walitoka na mawe wakaligonga banda lile usiku kucha. Tulikuwa tunawasikia. Ko, ko, ko. Chapu akaniambia, 'Dada, waambie wasijichoshe. Chuma hicho hakifunguki, nasikia kwa mlio wake.' Nikamuuliza, wewe umejuaje? Akacheka kidogo, haki ya nani alicheka, akasema, 'Mume wangu ni fundi.' Basi, akahamia habari za mlango."

 Fundi akajishikiza ukutani, trei ya mayai ikabonyea chini ya kiganja chake.

Banda lile alilichomelea yeye. Mwezi ule ule wa Chapu kujifungua, kwa oda ya hospitali. Waliomba kitu kisichoibika, naye aliwapa kitu kisichoibika. Na usiku alioimaliza ile kazi alirudi nyumbani akajisifu mezani mpaka chakula kikapoa: nondo nene kiasi gani, kila kiungo kachoma mara mbili, bawaba kazificha kwa ndani, hata waje na mtaimbo hawatoki na kitu. Chapu alimcheka, akamwambia, "Ungekuwa unapenda mlango wangu hivyo." Kwa hiyo alijua. Alilala pale gizani, anasikia mawe, anajua ni kazi ya nani, na alipopewa nafasi ya kutuma salamu akatuma habari za mlango wa jikoni. Hakumtaja.

"Subiri usikie ubeti wa tatu," Kokoto alikuwa anasema, anafuta macho, anainuka kubonyeza kompyuta. "Huu ndio watu wanaupenda kuliko yote. Wakifika hapa wanaimba wenyewe, mimi nanyamaza tu. Na hiyo biti unayoisikia chini ni jiwe kwenye nondo. Tulirekodi wenyewe, nikamwambia kijana aipige vilevile nilivyoisikia."

Na kweli, chini ya wimbo, chini ya kila kitu, ilikuwepo. Ko, ko, ko. Fundi alikuwa akichomelea kwa mdundo huo siku zote hizo.

*Na wewe fundi wa nondo, uliyeunga kwa moto,*
*Ukafungia jenereta, ukaua mama wa mtoto,*
*Ulale usikie jiwe linavyogonga chuma,*
*Na mkono uliolipwa usiache kukuuma.*

"Sijui ni mtu gani huyo," Kokoto akasema. "Siku nikimwona, sijui nitamfanya nini. Shemeji, mbona umebadilika rangi?"

"Joto," fundi akasema.

Akampa maji. Akamweleza ya kesho: hakuna kubwa, asimame tu aseme yeye ni mume wa Chapu, na kwamba Chapu alikuwepo. "Hilo tu linatosha, shemeji. Mengine niachie mimi na wakili." Fundi akaitikia kila kitu. Alipotoka nje alimkuta mpiga biti, akampa mkono wa kuaga, na kijana akasema mzee una mkono wa baridi kama maiti. Fundi hakusikia.

Nyumbani alimkuta mama mkwe anamwogesha mtoto kwenye beseni. Mtoto anapiga maji, maji yanaruka mpaka ukutani, bibi mtu analowa na kucheka. Fundi alitamani awaache hivyo hivyo. Lakini kesho mji mzima ungesikia, na si haki mama wa mtu kuambiwa na mji.

"Mama," akasema, "hakwenda ghafla."

Akamweleza. Umeme, giza, damu, jenereta lililofungiwa, mawe, mpaka kunapambazuka. Alieleza yote isipokuwa moja. Mama mkwe hakulia. Aliendelea kumwagia mtoto maji kwa kiganja, mahali pamoja tu, begani, mpaka mtoto akaanza kutetemeka kwa baridi.

"Alikuwa peke yake?" hatimaye akauliza.

"Hapana, mama. Alikuwa na huyu dada anayeimba. Alimshika mkono."

"Basi kesho twende wote nikamwone huyo dada." Akamfunga mtoto taulo, akambeba. Mlangoni akageuka. "Na huyo aliyetengeneza hilo banda, baba, sitaki kumfanya chochote. Nataka nimwone sura tu. Nijue anafananaje mtu wa namna hiyo."

Fundi alifungua mdomo. Alifungua kweli, tumpe haki yake. Hakikutoka kitu, na mama mkwe akaenda kumvisha mtoto. Jioni hiyo hakusema yale maneno yake, na hakula.

Kesho yake uwanja wa mahakama ulijaa vijana mpaka askari wakachoka kusukuma. Walikuwa wanaimba, na walipofika ubeti wa tatu waliimba kwa miguu, vumbi likapanda. Fundi alipita katikati yao. Waliposikia kwamba ndiye mume wa Chapu walimpisha, wakampigapiga mgongoni, mmoja akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akasema, "Baba, tuko na wewe." Huku nyuma wengine bado wanaulaani mkono huo huo.

Ndani mambo yalikwenda haraka kuliko alivyotegemea. Aliitwa, akasema yeye ni nani, akasema mkewe alikuwa nani, na Chapu ni jina alilompa yeye. Akaulizwa habari za mlango, akaeleza. Watu waliguna. Kokoto, kwenye benchi la washtakiwa, alikuwa anamwangalia kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni.

Wakili wa hospitali alisimama. Mzee mpole, suti ya kijivu, sauti ya mtu anayekuja kutoa rambirambi.

"Mheshimiwa hakimu, tumekosea, na tunampa pole ndugu yetu. Chapu alikuwepo. Na huenda umeme ulikatika, umeme hukatika kila mahali. Hata hivyo, kosa la mshtakiwa haliko hapo. Mshtakiwa ameuambia umma kwamba sisi tulifungia taa kwa nondo, wagonjwa wakifa. Kwamba tuliua. Jenereta letu liko wazi, unaweza kulitembelea leo hii. Hakuna banda. Hakuna mtu hata mmoja, nje ya huyu mwanamuziki, anayesema aliwahi kuliona banda. Nesi wote wa zamu ile wamesema halikuwepo. Banda hilo limejengwa ndani ya wimbo, na limejengwa kwa uongo."

Nesi wote. Fundi aliwatazama pale walipokaa pamoja, wameinamisha vichwa, wana kazi za kulinda na watoto wa kusomesha. Kokoto alikuwa amefumba macho. Wakili wake alikuwa anapekuapekua karatasi kama mtu aliyepoteza funguo zake.

Hakimu akamgeukia fundi kwa upole. "Ndugu shahidi, una la kuongeza? Kama huna, unaweza kwenda kukaa na familia yako."

Familia yake ilikuwa benchi la mbele. Mama mkwe amempakata mtoto, kamtengea nafasi pembeni yake, kaweka na mkoba ili isichukuliwe. Ni hatua chache tu. Angekwenda akakaa, mji ungempa pole mpaka azeeke, na Kokoto angeenda jela.

"Banda lilikuwepo," fundi akasema. "Nililichomelea mimi."

Kwanza ilikuwa kama hawakusikia. Kisha mtu mmoja nyuma kabisa akasema "Nini?" kwa sauti ya kawaida. Fundi akaendelea, haraka haraka, asije akashindwa. Alisema walimwita mwezi gani, na nani alimpa oda. Alisema miguu ya banda aliizamisha kwenye zege, na kwamba waliolibomoa lazima walikata nondo juu kwa juu, hivyo wakikwangua sakafu pale leo watazikuta. Wakili mpole akakaa chini. Nesi mmoja akaanza kulia kwa sauti, mwenzake akamkumbatia.

Kokoto alikuwa amefumbua macho.  Aliangalia mikono ya fundi, akaangalia uso wake, akarudi kwenye mikono. Jana tu alimpa maji akamwita shemeji. Ilionekana wazi kwamba ameshaokolewa, na kwamba hajui afanye nini na mtu aliyemwokoa.

Mama mkwe hakuinuka, hakupiga kelele. Alimtazama mkwewe usoni kwa muda mrefu, sura aliyoizoea kila asubuhi mezani. Mtoto alikuwa ananyoosha mikono kwa baba yake, anacheka, anataka kubebwa. Bibi akamgeuza taratibu, akamlaza uso kifuani pake ili asione. Kisha akauchukua ule mkoba aliouweka pembeni, akaurudisha mapajani.

Hakimu alivua miwani, akakaa nayo mkononi. Naye alikuwa ameduwaa kama wengine, na swali alilouliza halikuonekana la kisheria tena.

"Wale nesi, fundi. Usiku kucha na mawe yao. Kulikuwa na uwezekano wowote wangelifungua?"

Swali hilo fundi alikuwa ameulizwa na wateja maisha yake yote, na siku zote alilipenda.

"Hapana, mheshimiwa," akasema. "Nililitengeneza vizuri."